Fundi Anajibu: Risiva za Stereo za Miaka ya 1970

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu mashine ya aina moja: risiva ya stereo ya zamani, yaani redio, amplifaya na swichi za kuchagulia vyombo ndani ya kasha moja, uso wa alumini, nobu nzito na dirisha la stesheni lenye taa. Tumeanza na maswali yasiyohitaji bisibisi. Hata kama swali lako liko chini, pitia kwanza jibu la barua ya kwanza, maana mashine nyingi zinazobebwa kwa fundi zikiitwa mbovu hazina ubovu mwingine zaidi ya huo.

TAA ZINAWAKA, SINDANO ZINACHEZA, SPIKA KIMYA

Swali: Shikamoo fundi. Risiva niliyoachiwa na mjomba inawaka vizuri, na sindano za mita zinacheza ninapotafuta stesheni, lakini spika ziko kimya. Nimejaribu FM, nimejaribu AUX, hakuna kitu. Je, amplifaya imeungua?

Jibu: Marahaba. Usiifungue bado. Sindano zikicheza, tyuna, yaani sehemu ya redio, inapokea na transfoma iko hai. Kinachobaki ni kujua sauti inakatikia wapi, na pa kwanza kutazama ni kitufe cha TAPE MONITOR.

Kitufe hicho kiliwekwa kwa ajili ya deki, yaani mashine za kunasa sauti kwenye tepu, zenye vichwa vitatu. Sauti inatoka kwenye soketi za REC, inaingia kwenye deki, inanaswa, inasomwa papo hapo na kichwa cha tatu, kisha inarudi kupitia soketi za PLAY ili mtu asikie alichonasa badala ya chanzo chenyewe. Kikibonyezwa, risiva inasikiliza kile kinachorudi peke yake. Kama hakuna deki, hakuna kinachorudi, na kila chanzo utakachochagua kitakuwa kimya. Kiachie, au rudisha swichi kwenye SOURCE. Zipo mashine zenye TAPE 1 na TAPE 2, na nyingine zina kitufe cha kunakili kaseti, angalia vyote.

Kisha tazama swichi ya SPEAKERS. Ikiwa kwenye B na waya zako ziko A, au kwenye OFF kwa ajili ya hedifoni, utapata kimya hichohicho.

Mwisho geuza mashine nyuma. Ukiona soketi zilizoandikwa PRE OUT na MAIN IN, lazima kuwe na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U vinavyoziunganisha, kimoja kwa kila chaneli. Hivyo ndivyo vinavyobeba sauti kutoka sehemu ya marekebisho hadi sehemu ya nguvu. Wauzaji huvipoteza sana. Kebo mbili fupi za RCA, za sentimita 10 hadi 15, zinafanya kazi hiyohiyo. Kama vipo lakini vimefubaa, izime mashine, vichomoe, visugue kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili na uvirudishe.

Bado kimya? Chomoa mashine ukutani, bonyeza na kuachia TAPE MONITOR mara 20 au 30, zungusha pia swichi ya kuchagulia vyombo mwanzo hadi mwisho, kisha jaribu tena. Swichi iliyokaa miaka bila kuguswa huota utando juu ya fedha ya ndani, na msuguano huo huuvunja. Sauti ikirudi kwa kukwaruza, soma jibu la tatu.

SIMU KWENYE PHONO

Swali: Habari za kazi. Nikichomeka simu kwenye PHONO sauti inapasuka na besi inafunika kila kitu. Nikiihamishia AUX ni safi, ila nobu ya volyumu ikifika robo tu nyumba inatetemeka. Je, mashine yangu ina nguvu kupita kiasi au nobu imeharibika?

Jibu: Nobu ni nzima. PHONO ni mlango wa mashine ya santuri peke yake. Sindano ya kawaida ya sumaku inayotembea hutoa milivolti chache tu, na risiva nyingi huandika unyeti wa PHONO kuwa milivolti 2.5 kwa ukinzani wa kiloomu 47. Zaidi ya kuikuza sauti hiyo, mlango huo unafuata mkunjo wa RIAA: unapandisha besi karibu desibeli 20 ukielekea 20 Hz na kushusha trebo kwa kiasi kama hicho ukielekea 20 kHz, kwa sababu santuri ilichongwa kinyume chake. Simu inatoa milivolti mamia. Ndiyo maana inapasuka.

Kuhusu AUX, hesabu ni hii. Mlango huo ulisanifiwa kwa vyombo vya wakati wake, na kwa kawaida milivolti 150 zinatosha kuifikisha risiva kwenye nguvu zake zote nobu ikiwa imefunguliwa kabisa. Mashine ya CD hutoa hadi volti 2, zaidi ya mara 13. Kwa hiyo amplifaya inamaliza nguvu zake nobu ikiwa bado chini, na safari iliyobaki ni kupasuka tu. Mahali nobu ilipofika hapakwambii chochote kuhusu wati.

Kasoro ya kweli hapo ni nyingine: nobu nyingi za zamani hazilingani kushoto na kulia zikiwa chini kabisa, ukasikia upande mmoja umezidi. Kwa simu, punguza volyumu ya simu yenyewe. Kwa CD, nunua vipunguza nguvu vidogo vya RCA vya desibeli 10 na uviweke kati ya kebo na soketi.

Na kama mashine yako ya santuri ina kikuzi chake ndani chenye swichi ya PHONO/LINE, chagua njia moja: LINE kwenda AUX, au PHONO kwenda PHONO. Ukiweka LINE kwenda PHONO unakuza mara mbili, na besi itageuka tope. Waya mwembamba wa ethi wa mashine ya santuri ufungwe kwenye skrubu ya GND; bila huo utasikia mvumo mzito wakati wote.

NOBU INAKWARUZA, UPANDE MMOJA UNAPOTEA

Swali: Kila nikigusa volyumu inachakacha. Tena upande wa kushoto hupotea, nikipandisha sauti sana unarudi wenyewe na kukaa vizuri hadi nizime. Nimeambiwa nipulizie WD-40.

Jibu: Hayo ni magonjwa mawili, na WD-40 ya kawaida si dawa ya lolote kati yake. Ina mafuta yasiyokusudiwa kwa njia ya kaboni. Huacha utando unaokusanya vumbi na huosha grisi inayoipa nobu uzito wake mkononi. Tafuta dawa ya kusafishia viungo vya umeme. DeoxIT D5 inafaa kwa swichi, na F5 ya kampuni hiyohiyo inafaa zaidi kwa nobu na vitelezi.

Chomoa umeme na usubiri nusu saa. Fungua kifuniko. Nyuma ya nobu utaona kopo la potensiometa lenye miguu, na karibu na miguu kuna upenyo mdogo. Ingiza mrija wa dawa hapo na upulize kwa sekunde moja, isizidi. Zungusha nobu mwisho hadi mwisho mara 30, rudia mara moja, kisha acha kifuniko wazi hadi kesho yake ndipo uwashe. Fanya hivyo kwa BASS, TREBLE na BALANCE, na kwa kila swichi ya kubonyeza pale mkono wake unapoingia ndani. Usipulizie kamwe kapasita ya tyuna, ile yenye mabamba mengi membamba yanayopishana unapozungusha stesheni. Dawa kati ya mabamba inahamisha stesheni zote.

Nobu ikiendelea kukwaruza baada ya kuoshwa vizuri mara mbili, acha kununua dawa. Huenda kapasita iliyo kabla yake inavuja na kuingiza volti za DC kwenye njia ya kaboni. Pima kwa maltimita kati ya mguu wa nobu na chasi: zaidi ya milivolti chache, badilisha kapasita hiyo.

Sasa upande unaopotea na kurudi ukipandisha sauti. Hiyo ni dalili ya rilei ya kinga, kile kisanduku kinacholia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Viungo vyake vimeota weusi. Mkondo mdogo haupiti, mkondo mkubwa unachoma utando na kupita. Ili kuwa na hakika, badilishana kwanza spika za kushoto na kulia kule nyuma: tatizo likibaki kwenye spika ileile, kagua spika na waya wake. Likihamia spika ya pili, ni risiva.

Kama kifuniko cha rilei kinafunguka, kata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu kama ya kadi, uloweshe kwa alkoholi ya isopropili, uupitishe kati ya viungo huku umevibana taratibu kwa kidole, urudie hadi karatasi itoke safi. Msasa hapana: unakwangua tabaka la fedha, na kiungo kitachoka mapema zaidi. Hata hivyo usafi huo ni wa muda. Rilei mpya ni bei ndogo kuliko spika, na la kulinganisha ni volti za koili (24 ni za kawaida sana, lakini soma ya kwako), uwezo wa viungo kwa ampia na mpangilio wa miguu.

WATI 45 AU WATI 80?

Swali: Ndugu mhariri, nimeonyeshwa risiva mbili. Moja imeandikwa wati 45 kwa chaneli, ni ya mwaka 1978. Nyingine ni ya 1970 na tangazo lake la zamani linasema wati 80. Nachukua ipi?

Jibu: Uliza kwanza wati 80 za namna gani. Kabla ya 1974 kila kampuni ilipima itakavyo: wati za "muziki", wati za kilele, chaneli zote mbili zikijumlishwa, kwa mlio mmoja wa 1 kHz kwa muda mfupi. Mwaka 1974 Marekani iliweka kanuni kupitia tume yake ya biashara, FTC: tangazo litaje wati za mfululizo kwa kila chaneli, chaneli zote zikifanya kazi pamoja, kwa omu zipi, kuanzia masafa gani hadi gani, na kwa upotovu usiozidi kiasi gani. Tena kabla ya kupimwa, mashine ifanye kazi saa nzima kwa theluthi ya nguvu zake. Kwa amplifaya za aina ile, theluthi ndiyo mahali pa joto kali, na hii ni sababu mojawapo ya risiva za nusu ya pili ya muongo ule kuwa na mabamba makubwa ya kupozea na uzito wa kuvunja mgongo.

Ndipo zilipoanza mbio za wati. Pioneer SX-1250 ya 1976 ilitangazwa kwa wati 160 kwa chaneli, na miaka miwili baadaye SX-1980 ikafika wati 270 ikiwa na uzito wa kilo 35 hivi. Ni mashine za kupendeza. Ni ngumu pia kuzitengeneza, na sehemu zake ni ghali.

Kwako wewe, mashine ya 1978 imepimwa kwa kipimo unachoweza kukiamini. Ile ya 1970 inaweza kuwa na wati 30 za kweli nyuma ya hizo 80. Na hata kama zingekuwa 80 kweli, ujue kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si ya kutoa machozi. Spika yenye unyeti wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa desibeli hizohizo bila wati hata moja ya ziada. Chagua kwa hali ya mashine: nobu laini, rilei inalia kwa wakati, hakuna harufu ya kuungua, mita zote mbili zinafanya kazi.

Kuhusu vitufe, tungelipia zaidi kwa PRE OUT/MAIN IN, kitufe cha MONO na kichujio cha besi ya chini kwa wenye santuri zilizopinda. Yamaha waliweka LOUDNESS ya kuzungusha badala ya kitufe kwenye risiva zao za CR, na hiyo ni ya maana: sikio hupoteza besi sauti ikiwa ndogo, na nobu hukuruhusu kurudisha kiasi unachotaka. LOUDNESS ya kitufe ni yote au hakuna, na ikisahaulika imebonyezwa ndiyo chanzo cha wengi kusema risiva za zamani "zina besi ya asili".

RISIVA YA VOLTI 120

Swali: Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Umeme wetu ni volti 230, 50Hz. Naweza kubadilisha fyuzi tu?

Jibu: Hapana, ndugu yetu. Fyuzi haibadilishi volti. Ukichomeka ilivyo, transfoma inapata karibu maradufu, fyuzi ikikatika ni bahati, isipokatika ni moshi.

Tazama kwanza kama kuna kiteuzi cha volti nyuma, plagi ya duara au swichi yenye namba 110, 120, 220 na 240. Matoleo yaliyouzwa nje ya Amerika Kaskazini mara nyingi yanacho. Kwa umeme wa volti 230 chagua 240 kama ipo. Mashine itapata kidogo pungufu na itakaa baridi zaidi. Fyuzi nayo ifuate maandishi ya karibu yake: ikitoka 120 kwenda 240 mkondo unakuwa nusu, kwa hiyo ya ampia 6 inakuwa 3.

Kama kiteuzi hakipo, transfoma yenyewe huwa ni ya volti 120 tu, na utahitaji transfoma ya nje ya kushusha. Soma nyuma ya risiva inakula kiasi gani. Ikiwa wati 250, nunua transfoma ya VA 500, na iwe nzito ya chuma na shaba. Vile vibadilishaji vyepesi vilivyotengenezwa kwa pasi na vikausha nywele havitoi wimbi safi, usiviamini na kifaa cha sauti. Soketi za umeme zilizo nyuma ya risiva, za kuchomekea vyombo vingine, nazo zitatoa 120. Mashine ya santuri ya volti 230 isichomekwe hapo.

Suala la Hz ni dogo lakini lipo. Chuma cha transfoma iliyopigiwa hesabu ya 60 Hz hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20 ikiwa kwenye 50 Hz, ikapata joto na kuvuma zaidi. Ikiandikwa 50/60Hz, hakuna shaka. Ikiandikwa 60Hz peke yake, shusha hadi volti 110 hivi ukiweza na uiache ipumue: sentimita 10 wazi juu yake, bila deki wala kitambaa juu ya matundu.

Na redio? Risiva ya Marekani inashusha trebo ya FM kwa mikrosekunde 75, wakati sehemu kubwa ya dunia hutangaza kwa 50. Matokeo ni upungufu wa desibeli 3 hivi kwenye 10 kHz. Pandisha TREBLE kidogo, au tazama kama nyuma kuna swichi ya 75/50. Baadhi ya mashine zinayo.

RILEI HAILII

Swali: Nawasha, taa zinawaka, nasubiri ile "tak", haiji. Wiki iliyopita ilikuwa ikilia.

Jibu: Rilei isiyolia imekataa kuziunganisha spika kwa sababu imeona hatari, au imekosa umeme wake. Usiipite kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Ukifanya hivyo, volti 40 za DC zinaweza kukaa kwenye koili ya spika na kuiunguza kwa sekunde chache.

Zima, toa waya zote za spika, washa tena. Ikilia, kosa liko nje: uzi mmoja wa waya umegusa jirani yake, au spika ina shoti. Isipolia, kazi iko ndani, na kuanzia hapa ni kwa mwenye maltimita na uzoefu wa kutosha. Kapasita kuu hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Zimwage kwa rezista ya omu 100 hadi 220 yenye uwezo wa wati 10, ukiishikilia kwenye miguu ya kila kapasita kwa sekunde kumi, kisha upime kuhakikisha. Bisibisi ya kupigia shoti inatoboa miguu na kutisha majirani.

Pima volti za DC kwenye njia ya spika kabla ya rilei, chaneli moja baada ya nyingine. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Kati ya 50 na 100 kuna kitu kinachoka, mara nyingi transista mbili za mwanzo au rezista ndogo ya kurekebishia. Ukikuta volti nzima au zaidi, kinga imefanya kazi yake. Ukikuta karibu volti zote za njia kuu, tuseme 35 au 45, transista ya nguvu imepata shoti. Iondoe, ipime, na pima pia zile zinazoisukuma na rezista za emita, kwa kuwa haifi peke yake.

Kama chaneli zote mbili ziko karibu na sifuri na rilei bado imelala, pima volti kwenye koili yake. Hazipo? Kagua fyuzi za ndani, transista inayoiendesha na kapasita ndogo inayohesabu zile sekunde za kusubiri.

Baada ya matengenezo usiwashe moja kwa moja ukutani. Weka balbu ya kizamani ya uzi, wati 60 kwa risiva ndogo na 100 kwa kubwa, kwenye mfululizo na waya wa umeme. Spika zibaki zimetolewa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha kufifia, mashine haina shoti. Ikibaki inang'aa, zima. Balbu za LED haziwezi kazi hii, na usishangae rilei isipolia ukiwa kwenye balbu, volti zimepungua.

NIBADILISHE KAPASITA ZOTE?

Swali: Kila mahali nasoma kwamba risiva ya umri huu lazima ibadilishwe kapasita zote. Yangu inalia vizuri tu. Nifanyeje?

Jibu: Kama inalia vizuri na vipimo viko sawa, usiziguse zote kwa mpigo. Makosa ya kubadilisha kapasita 60 kwa siku moja yanaua mashine nyingi kuliko kapasita zenyewe. Kapasita mbili kuu, zile makopo makubwa ya mikrofaradi 10,000 hivi, mara nyingi bado ni nzima. Dalili ya uchovu wake ni mvumo wa 100 Hz (120 Hz kwenye umeme wa 60 Hz) usiobadilika hata ukishusha volyumu hadi mwisho. Zinazochoka mapema ni ndogo zilizo karibu na joto: bodi ya umeme wa kurekebishwa na ile ya kinga. Anzia hapo. Tumia za nyuzi joto 105, mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Kwa kapasita kuu usizidishe mikrofaradi kwa zaidi ya asilimia 20, diodi za kurekebisha umeme zitaumia kila unapowasha. Piga picha kabla ya kutoa kitu, fanya bodi moja, washa kwa balbu, ndipo uende nyingine.

Ukiona gundi ya kahawia iliyokauka chini ya kapasita, ikwangue yote. Ilikuwa ya rangi hafifu ilipopakwa. Ikizeeka kwa joto hupitisha umeme na kula miguu ya sehemu za jirani.

Sauti ya "shwaa" au mpasuko mdogo usiofuata volyumu haitoki kwenye kapasita. Hiyo ni transista. 2SA726 na 2SC458 zinajulikana kwa tabia hiyo. Mafundi huweka KSA992 mahali pa ya kwanza na KSC1845 mahali pa ya pili. Soma mpangilio wa miguu wa zote mbili kabla ya kuchomelea, kwani haulingani kila mara.

Tukiwa ndani, tahadhari moja kuhusu bayasi, ule mkondo wa kutulia wa transista za nguvu. Hupimwa kwa milivolti juu ya rezista za emita, mashine ikiwa imewaka dakika 10 hadi 15 bila sauti, na kiasi kiko kwenye kitabu cha huduma cha mashine yako. Mfano: milivolti 10 juu ya omu 0.47 ni milliampia 21. Hatari iko kwenye trima ya zamani, ile rezista ndogo ya kurekebishia. Ukiizungusha ikiwa imeota kutu, kidole chake kinaweza kuacha kugusa njia kwa nusu sekunde, na katika mizunguko mingi kuachia huko hupandisha bayasi hadi juu kabisa. Transista zinakwenda kabla hujasoma mita. Badilisha trima kwa mpya iliyofungwa, ianzie upande wa bayasi ndogo, ndipo upandishe taratibu.

FM STEREO INACHAKACHA

Swali: Stesheni ileile kwenye MONO ni safi, kwenye stereo inachakacha. Tyuna imechoka?

Jibu: Antena. Stereo ya FM hubeba tofauti ya kushoto na kulia juu ya 38 kHz, ikiongozwa na mlio wa 19 kHz, na huko juu kelele ni nyingi, hivyo inahitaji nguvu kubwa zaidi ya stesheni kuliko mono. Kipande cha waya kilichoning'inia nyuma hakitoshi. Tengeneza antena ya T kwa waya bapa wa omu 300, mkono mzima wa juu ukiwa na urefu wa mita 1.45 hadi 1.5, ifunge kwenye vituo viwili vya 300Ω, na uigeuze ubavu uelekee stesheni. Mashine ikiwa na mita mbili, pata kwanza katikati kwenye mita ya TUNING, ndipo uzungushe antena hadi SIGNAL ipande juu. Sindano ya SIGNAL ikiwa juu lakini ya TUNING iko pembeni, sauti za "s" zitapasuka. Kitufe cha HI-BLEND au MPX FILTER kinachanganya trebo za pande mbili na kuondoa sehemu ya mchakacho huku stereo ikibaki kwenye sauti za chini.

Taa ya STEREO isipowaka hata kwenye stesheni yenye nguvu, oskileta ya 76 kHz ya sehemu ya stereo huenda imehama. Hiyo ni kazi ya dakika tano kwa fundi mwenye kipima masafa.

KWA UFUPI

Spika jozi mbili, A+B, zote za omu 8? Ruksa kwa mashine nyingi: zikiwa sambamba zinakuwa omu 4. Jozi mbili za omu 4 hapana, maana unafika omu 2. Baadhi ya risiva huunganisha A na B kwa mfululizo. Hazitaumia, ila spika zisizofanana zitasikika nyembamba.

Balbu za dirisha zimekufa? Nyingi ni za umbo la fyuzi, volti 8, milliampia 250 au 300. Usipandishe wati ili zing'ae zaidi, joto linakunja plastiki ya vishikio na kubabua karatasi ya rangi. LED zinafaa kwa dirisha, zichague za umeme wa AC ili zisipepese. Lakini balbu ya sindano au ya STEREO wakati mwingine ni sehemu ya mzunguko, na LED mahali pake inaweza isiwake au ibaki inawaka daima.

Kioo cha stesheni kina ukungu kwa ndani? Namba zimechapwa upande huohuo wa ndani, na alkoholi au dawa ya vioo yenye amonia huzifuta moja kwa moja. Tumia kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, na pita kandokando ya maandishi, si juu yake.